Kisichoandikwa Hupotea Njiani: Tajriba ya Mwanafunzi wa Fasihi katika Duka la Michoro Mjini Kakamega

Usione vyaelea, vimeundwa. Wahenga walioitunga methali hii bila shaka walikuwa wakitazama vyombo vya baharini. Mimi mkaazi wa Kakamega, niliye mbali na mawimbi, nimeielewa zaidi kwa kutazama nyumba. Nyumba inayosimama leo mtaani Shirere au Amalemba haikuanza kwa jiwe la kwanza la msingi. Ilianza kwa mstari uliochorwa kwenye kompyuta, na mstari huo, kabla ya kumfikia fundi mwashi, ulipita katika mikono mingi na katika programu kadhaa zisizosikilizana vyema. Makala haya yanahusu safari hiyo ya mstari: yale yanayoupata mchoro unapotoka katika programu moja na kuingizwa katika nyingine, jinsi ya kuyatambua, na kwa nini mwanafunzi wa Kiswahili ana haja ya kuyajua.

Huenda msomaji akauliza mwanafunzi wa uzamili katika fasihi alifuata nini kwenye michoro ya ujenzi. Jibu ni karo. Kwa miaka miwili sasa, siku ambazo sina mihadhara, nimekuwa nikifanya kazi katika duka dogo mjini linalochapisha plani za nyumba kwenye karatasi kubwa. Wateja huja na flashi mkononi au hutuma faili kwa barua pepe. Kazi yangu ni kuzifungua faili hizo, kuziunganisha inapobidi, na kuhakikisha kuwa kinachotoka kwenye mashine ndicho alichokikusudia mchoraji. Mwenye duka, aliyesomea uchoraji wa majengo katika chuo cha ufundi, ndiye aliyenifunza. Naye alinipa kanuni moja ambayo imenifaa hata katika tasnifu yangu: kabla ya kulaumu kompyuta, uliza ni jambo gani mwenye faili alilijua mno hata hakuona haja ya kuliandika.

Turudi nyuma kidogo. Kampuni ya Autodesk ya Marekani ilitoa programu ya AutoCAD mwezi wa Disemba mwaka 1982. Tangu mwanzo michoro yake ilihifadhiwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni DWG, ambayo ni siri baina ya programu na faili yake, kwa maana haikuandikwa ili isomwe na binadamu. Ya pili ni DXF, ambayo huuandika mchoro kwa herufi na tarakimu za kawaida ili programu nyingine nazo ziweze kuusoma. Baadaye zikaja programu za usanifu zenye kuufikiria mchoro kwa namna nyingine kabisa, kama vile ArchiCAD, Revit na SketchUp. Katika AutoCAD ya kawaida, ukuta ni mistari miwili iliyo sambamba. Katika Revit, ukuta ni ukuta: una kimo, unene na aina ya matofali. Mistari miwili ikiingizwa humo hubaki mistari miwili, kwa kuwa hakuna aliyeiambia programu kwamba ule ni ukuta. Wenzangu wa tafsiri wataitambua hali hii mara moja. Kiswahili husema "yeye" bila kutaja iwapo ni mwanamke au mwanamume, na mfasiri anayekwenda kwenye Kiingereza hulazimika kuchagua jambo ambalo matini chanzi haikumwambia.

Sasa nieleze kisa kimoja kilichonifanya niandike makala haya. Mwalimu mmoja mstaafu wa shule ya msingi alikuja dukani siku ya Ijumaa akiwa na faili mbili. Moja ilitoka kwa mpima ardhi na ilionyesha kiwanja chake. Nyingine ilitoka kwa msanifu majengo na ilionyesha nyumba ambayo kiinua mgongo chake kingeijenga. Mafundi walikuwa wameshaitwa kuanza kuchimba msingi siku ya Jumatatu. Alitaka tuziunganishe faili hizo katika SketchUp ili yeye na mkewe waione nyumba ikiwa imesimama juu ya ardhi yenyewe. Halafu akaongeza kwa sauti ya chini kwamba upande wa nyuma kiwanja kimepakana na shamba la watoto wa marehemu ndugu yake, na mpaka ule umekuwa na maneno. Kila aliyekulia sehemu zetu hizi, ambako watu ni wengi na ardhi ni kidogo, anafahamu uzito wa kauli hiyo. Kesi ya mpaka huweza kudumu kuliko waliodai.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa kwamba faili ya msanifu ilikataa kufunguka. Programu ilisema tu kwamba haiitambui. Wengi hapa hudhani faili imeoza na hurudi kwa aliyeituma wakigombana. Lakini kila faili ya DWG huanza kwa herufi na tarakimu sita zinazotaja toleo lake, na mtu anaweza kuziona kwa kuifungua katika programu sahili ya kuandikia matini. AC1015 ni toleo la mwaka 2000. AC1027 ni la 2013. AC1032 ni la 2018. Yaliyobaki kwenye ukurasa huwa ni alama zisizosomeka, lakini hizo sita za mwanzo hutosha. Faili yetu ilikuwa AC1032, na programu iliyokuwa kwenye kompyuta ya duka ilikuwa kongwe kuliko hapo. Dawa yake ni kuifungua faili katika programu mpya na kuihifadhi upya kwa toleo la zamani. Ikiwa faili ina hitilafu ya kweli, AutoCAD ina amri ya RECOVER ya kuiokoa, AUDIT ya kuikagua na PURGE ya kuondoa mabaki yasiyotumika. Kwetu haikuwa na hitilafu. Ilikuwa inazungumza Kiswahili cha leo na msikilizaji wa jana.

Ilipofunguka, likatokea la pili. Nyumba ilijaa kioo kizima na kiwanja hakikuonekana popote. Hapa tatizo lilikuwa kizio. Ndani ya faili, urefu ni tarakimu tupu. Msanifu hufanya kazi kwa milimita, kwa hiyo upande wa nyumba wenye mita 12 ulikuwa umeandikwa 12000. Mpima ardhi hutumia mita, kwa hiyo upande wa kiwanja ulikuwa umeandikwa 30.48. Ukisoma tarakimu za msanifu kana kwamba ni mita, nyumba ya Mwalimu ina urefu wa kilomita 12, yaani ingeanzia mjini ikaifuata barabara ya Kisumu kuelekea Khayega. Ukisoma tarakimu za mpima ardhi kana kwamba ni milimita, kiwanja chote ni kidogo kuliko kisanduku cha kiberiti.

Katika faili ya DXF kuna mahali maalumu pa kutaja kizio, panapoitwa $INSUNITS. Ukikuta 1 ni inchi, 2 ni futi, 4 ni milimita, 5 ni sentimita na 6 ni mita. Ukikuta 0, mchoraji hakutaja chochote, na kila programu itakisia ipendavyo. Faili ya msanifu ilikuwa na 0. Hapo nilikumbuka miswada ya kale ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, ambamo herufi ba iliweza kusomwa b, p au mb. Mwandishi wa Lamu au Pate hakuona utata, kwa kuwa msomaji wake aliyajua maneno. Utata ulizaliwa pale mswada ulipofika kwa msomaji wa mbali aliyetaka kuuhamisha kwenye hati za Kirumi. Tarakimu isiyo na kizio ni ba isiyo na msomaji wa nyumbani. Njia ya kuitegua ni kutafuta kitu ambacho ukubwa wake unajulikana. Sisi tulipima mlango wa chumba cha kulala, tukakuta 900. Hakuna mlango wa mita 900 wala wa inchi 900. Tukaiambia SketchUp, katika machaguo yake ya kuingiza faili, kwamba kizio ni milimita.

Asiyeona kuwa jambo hili ni zito na akumbuke chombo cha anga cha Mars Climate Orbiter. Wamarekani walikipoteza mwezi wa Septemba mwaka 1999 kilipofika kwenye sayari ya Mirihi, kwa sababu programu moja ilitoa hesabu kwa vizio vya Kiingereza na nyingine ikazipokea kana kwamba ni vizio vya metriki. Kilichokosekana kilikuwa jina la kizio tu.

Baada ya vizio kukubaliana, tulitarajia nyumba iketi kiwanjani. Haikuketi. Mwalimu alisogeza kiti chake karibu na kioo.

"Kijana wangu, nyumba yangu iko wapi?"

"Iko Kongo, Mwalimu," nikamjibu.

Sikuwa namfanyia mzaha. Wapima ardhi hutumia mfumo unaoigawa dunia katika kanda 60, na Kakamega iko katika kanda ya 36, kaskazini kidogo mwa Ikweta. Katika kanda hiyo, mstari wa longitudo 33 Mashariki hupewa namba 500,000 ili pasiwe na namba hasi, na mahali pengine pote huhesabiwa kwa mita kutoka hapo. Kwa hesabu hiyo mji wa Kakamega una namba ya mashariki ya takriban 694,000 na namba ya kaskazini ya takriban 31,000. Nukta ya sifuri kwa sifuri iko juu ya Ikweta, ng'ambo ya Uganda, ndani ya Kongo ya mashariki. Mpima ardhi alikichora kiwanja mahali pake hasa duniani. Msanifu naye alianza kuchora nyumba kwenye sifuri ya karatasi yake. Tulipoziweka faili mbili pamoja, sifuri ya msanifu ikawa sifuri ya mpima ardhi, na nyumba ikasimama msituni, umbali wa karibu kilomita 700 na mwenyewe.

Nani alikosea? Hakuna. Mswahili akisema saa mbili asubuhi, Mwingereza husema saa nane, na wote wawili wamesema kweli. Mmoja anahesabu kuanzia mapambazuko, mwingine kuanzia usiku wa manane. Tatizo huja pale kila mmoja anapoandika namba tu kwenye barua ya mwaliko.

Umbali kama huo huleta udhia mwingine. Baadhi ya programu huonyesha michoro kwa namba zinazobeba tarakimu saba hivi za usahihi, basi. Kwenye mita 694,000, namba ya aina hiyo haiwezi kutofautisha nukta mbili zilizo karibu kuliko sentimita 6, kwa hiyo mistari huanza kutetemeka na pembe hukataa kukutana. Dawa ni kuleta kila kitu karibu na sifuri. Tulichagua bikoni moja ya kiwanja iwe sifuri yetu, tukatoa namba zilezile kwa kila nukta ya mpima ardhi, kisha tukaziandika namba tulizotoa pembeni mwa mchoro ili atakayekuja aweze kuzirudisha. Ni vizuri pia kutahadhari na vipimo vinavyochukuliwa kwa simu. Ramani nyingi za upimaji nchini Kenya zimejengwa juu ya mfumo wa Arc 1960, ilhali simu hutumia WGS84, na nukta moja katika mifumo hiyo miwili huachana kwa takriban mita 300. Umbali huo unatosha kumpeleka mtu kwenye shamba la jirani wa tatu.

Nyumba sasa ilikuwa Kakamega, lakini swali la Mwalimu lilikuwa bado halijajibiwa: ikae wapi ndani ya kiwanja? Faili ya msanifu haikusema. Kwenye orodha ya viambatisho tukaona jina la faili nyingine ambayo haikuja. Wachoraji wana desturi ya kutochora upya kilichokwisha kuchorwa. Huielekeza faili yao kwenye faili nyingine, nayo huonekana kana kwamba ni sehemu ya mchoro. Sisi wa fasihi tungeuita mwingilianomatini. Utenzi hudokeza kisa cha mtume, na msomaji asiyekijua kisa hicho hubaki na dokezo lililoning'inia. Msanifu alikuwa ameiweka nyumba juu ya mchoro wa kiwanja uliokuwa katika faili hiyo nyingine, na aliyetunakilia kwenye flashi alichukua nyumba peke yake. Ndivyo zinavyopotea fonti pia, na maelezo ya vyumba yakageuka alama za kuuliza. AutoCAD ina amri ya ETRANSMIT inayofunga faili pamoja na viambatisho na fonti zake katika furushi moja. Tulipiga simu, tukaomba furushi, likaja jioni.

Na furushi ndilo lililofichua jambo. Msanifu alikuwa amekichora kiwanja kama mstatili kamili wa futi 50 kwa futi 100, yaani mita 15.24 kwa 30.48. Faili ya mpima ardhi ilionyesha kwamba upande wa nyuma ni mita 14.44 tu. Kiwanja kilikuwa kimebana kwa sentimita 80 kwenye kona moja, na kwenye kona hiyohiyo jiko la nje lilikuwa limechorwa sentimita 45 kutoka mpakani. Tulipoziweka faili mbili moja juu ya nyingine, kwa kizio kimoja na sifuri moja, ukuta wa jiko ulikuwa umeingia sentimita 35 katika shamba la watoto wa marehemu.

"Lakini kiwanja hiki ni hamsini kwa mia," Mwalimu akasema. "Nilinunua hamsini kwa mia."

Kimya kikapita. Kisha yeye mwenyewe, aliyefundisha Kiswahili kwa miongo mitatu, akaliona. Huku kwetu "hamsini kwa mia" ni jina la kiwanja zaidi ya kuwa kipimo chake. Watu hulitamka bila kutaja futi, na huuziana kwalo ardhi ambayo haijaguswa na utepe. Limekuwa nahau, na nahau haipimwi kwa maneno yaliyomo ndani yake. Msanifu aliipokea nahau akaichora kama hesabu.

Mwalimu aliomba jiko lisogezwe upande wa pili wa ua. Kazi hiyo ilimchukua msanifu nusu saa, na mafundi waliahirishwa kwa siku mbili. "Afadhali mstari ufutwe kwenye kioo," alituambia akikunja karatasi zake, "kuliko mawe kung'olewa mbele ya watoto wa ndugu yangu." Nakala moja alisema angewapelekea wao.

Kuna jambo la mwisho, nalo latuhusu sisi moja kwa moja. Mazungumzo yote ya siku ile yaliendeshwa kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha ya duka, ya kiwanja na ya mafundi. Lakini kila amri iliyokuwa kwenye kioo ilikuwa ya Kiingereza. Ilibidi tuyatafute maneno papo hapo. Kwa kipimo kisichotajwa tukatumia "kizio". Kwa karatasi angavu zilizopangwa moja juu ya nyingine, moja ya kuta, moja ya mabomba, tukasema "matabaka". Kwa nukta ya sifuri nikapendekeza "kitovu", na Mwalimu akapinga.

"Kitovu ni cha mtoto."

"Ndiyo, Mwalimu. Ni pale mchoro ulipokatwa kutoka kwa mama yake."

Akacheka, akakubali, na tangu siku hiyo hatutumii neno lingine dukani.

Mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, na wakathibitisha kuwa kompyuta haina lugha iliyozaliwa nayo. Kazi hiyo haikufika kwenye meza ya mchoraji, na haitafika kwa kusubiri. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kilichopo papa hapa Kakamega, ni cha sayansi na teknolojia kwa jina lake. Mwanafunzi wa Kiswahili na mwanafunzi wa uhandisi wakikaa meza moja kwa alasiri moja wakiwa na faili moja iliyokataa kuingia, wataondoka na istilahi kumi zilizojaribiwa kazini. Istilahi inayozaliwa kwenye kazi ina mtu wa kuitumia siku inapozaliwa.

Kwa hivyo nawasihi wenzangu wa pande zote mbili. Anayetuma mchoro na aandike pembeni mwake mambo manne: toleo la faili, kizio, mahali kitovu kilipo, na faili zinazoandamana nayo. Ni mistari minne tu, nayo yaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Nasi tunaohariri miswada, tunaotafsiri na tunaokusanya fasihi simulizi vijijini tufanye vivyo hivyo. Tutaje lahaja, tutaje mahali, tutaje aliyetusimulia alikuwa akisema na nani. Hayo ndiyo tunayoyaona kuwa wazi mno leo, na ndiyo yatakayomtatiza msomaji wa kesho.

Kiswahili kitukuzwe.